Maandishi Ndani ya Besi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli. Nilikuwa nimekwenda kuomba kupiga drams, maana kwetu Kwihara nilishajiona bingwa kwa kupiga madebe. Mkuu wa Vyombo wa bendi, mtu mrefu, mkavu, ambaye nadhani hata siku ya harusi yake hakucheka, alinitazama viatu, akanitazama mikono, akanikabidhi kipande cha penseli.

"Wapigaji wamejaa," akasema. "Mimi nataka mtu wa kuzitunza."

Bendi ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima wa tumbaku hapa Tabora, chama ambacho kilikufa zamani. Stoo yetu ilinuka tumbaku na mafuta ya taa. Humo ndimo nilimojifunza kwamba drams si kitu kimoja. Kuna besi, ngoma kubwa inayolala chini na kupigwa kwa mguu, na kuna ndogo zake tatu. Kila moja ina gogo, yaani lile duara la mbao ambalo ndilo mwili wa ngoma, na ringi mbili za kubana ngozi huku na huku. Gogo la kiwandani ni la mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, jepesi, limevikwa nailoni ngumu inayong'aa.

Na ile penseli? Sheria ya Mkuu ilikuwa hivi: fundi akiifungua ngoma, kabla hajaifunga anaandika ndani ya gogo jina lake, mahali alipo na alichokifanya. Akibadilisha skrubu moja, anaandika. Mhuri wa tarehe wa kiwandani nao uko humo humo ndani. Beji ya nje ni pambo tu, mtu anaihamisha kwa skrubu mbili.

"Umri wa ngoma uko tumboni," aliniambia. "Usimtajie mtu umri hujaona tumbo. Utakuja kuumbuka, Maganga."

Jamani, niliumbuka. Lakini ngoja nifike.

Juu ya Mkuu alikuwepo Meneja wa Bendi, mtu wa suti hata kwenye jua la Oktoba. Yeye alikuwa na sentensi moja: "Atakayevunja chombo, mshahara wake wa mwisho ni wa mwezi uliopita." Hakuwa anatania. Mpiga tarumbeta mmoja alifukuzwa kwa kukanyaga gitaa. Mimi nyumbani nilikuwa na mama mjane na wadogo wanne, sentensi ile niliisikia hata nikiwa nakula.

Safari ya Kigwa tulikwenda kwa treni. Tulipofika, mle kwenye behewa la mizigo nilishika besi, mikono imejaa jasho, treni inataka kuondoka, watu wanapiga kelele shusha, shusha! Ikaniponyoka. Ilibingirika mlangoni ikaangukia kwenye kokoto za reli, na mlio wake nausikia hadi leo. Mama yangu! Nikakaa chini pale pale.

Mkuu aliiendea, akapiga magoti, akaweka sikio, akagonga kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nzima." Halafu akanigeukia mimi. "Kuanzia leo besi usiiguse. Usiibebe, usiifungue. Tumbo la besi ni langu."

Dansi la Kigwa lilipigwa bila besi. Alimwambia Meneja kwamba ngozi imelegea kwa unyevu. Tuliporudi aliomba likizo ya wiki mbili akavune kwao Ntalikwa, na besi akaondoka nayo, eti anaikausha ngozi. Mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikuigusa tena. Nilizifungua ndogo, nikaandika jina langu humo mpaka hakuna nafasi. Besi akiifungua, ananituma nje: kalete maji, katafute kitambaa. Wenzangu walinicheka. "Maganga, bado hujatahiriwa kwenye besi?" Nilimchukia mzee yule, nasema wazi. Nilipohamishiwa kituo cha Urambo kuwa Mkuu wa Vyombo mdogo, nilikuja kumuaga nikiwa nimenuna, naye akasema tu, "Mikono yako ni mizuri. Itunze." Nikaona ananikejeli.

Bendi ilipovunjwa hakukuwa na kiinua mgongo, kila mtu aligawiwa vyombo. Yeye alipewa zile drams. Mimi nikafungua kibanda karibu na soko la Tabora, nikawa natengeneza ngoma za kwaya za Ulyankulu, na baadaye, walipoanza kuja watu wa Dar kusaka drams za zamani, nikawa mtu wa kuzipima umri. Natazama mhuri, nasoma penseli, nataja. Sikuwahi kukosea. Mkuu alipofariki nililetewa habari asubuhi. Maziko yalikuwa saa kumi. Sikufunga kibanda.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, akanijia Bi Tausi, binti yake. "Shikamoo, Fundi." Nikaitikia marahaba. Anauza drams za baba yake. Paa la nyumba ya Ntalikwa limeoza, mvua zinakaribia, na Bwana Deo wa Dar anazitaka, ila anataka seti kamili ya kiwandani na anataka neno langu.

Nikalitoa. Kwenye simu, nimekaa kwenye kiti changu! Nilisema zote ni za kiwandani, umri mmoja, mama mmoja, bei nikaitaja mimi. Mimi niliyewafundisha watu wasitaje umri kabla hawajaona tumbo! Niliona nazijua drams zile kama uso wa ndugu yangu.

Bwana Deo akaja, tukakutana nyumbani kwa Bi Tausi, kule Ntalikwa. Ndogo tatu nikazifungua mbele yao: mhuri upo, jina langu lipo, Bwana Deo anatabasamu. Nikaivuta besi. Loh, uzito! Niliwahi kuwasikia wapagazi wakiulalamikia, nikasema mbao za kale ndivyo zilivyo. Nikalegeza ringi, nikatoa ngozi, nikachungulia.

Hakukuwa na mhuri. Hakukuwa na mbao za kiwandani. Yalikuwa mapande ya mninga, mekundu, yamepangwa na kubanwa kwa gundi moja baada ya jingine kama pipa, yakalainishwa hadi yakafanana na kioo. Nje gogo limevikwa nailoni ile ile ya zamani. Na katikati, kwa penseli, mwandiko wa Mkuu.

Nilisoma kimya. Ningeweza kufunga. Bwana Deo alikuwa amekaa mbali, anachezea simu, na paa la Bi Tausi lilikuwa juu yetu na matundu yake. Haki ya Mungu nilifikiria kufunga. Lakini koo lilishafunguka lenyewe, nikasoma kwa sauti:

"Gogo jipya, mninga, nimelitengeneza Ntalikwa. La kiwandani lilipasuka Kigwa. Maganga asiambiwe, mkono wake utaanza kutetemeka."

Bi Tausi alishika mdomo. "Kumbe lile pipa! Mimi ndiye niliyemshikia kopo la gundi. Alituambia ni pipa la maji, tukasubiri maji hatukuyaona!" Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Fundi, siku ya maziko tulikutafuta. Ulikuwa wapi?"

Niliuinamia tena ule mwandiko. Mtu niliyemnunia nusu ya maisha yangu alikuwa ameuweka mkate wa mama yangu ndani ya ngoma, akaufunga kwa ringi, akanyamaza.

Bwana Deo alisimama. "Fundi, uliniambia kamili."

"Nilikuambia kabla sijafungua tumbo," nikasema. "Nimekosea. Ni mara ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote."

Alichukua zile ndogo. Besi ya mninga haimfai, na simlaumu. Niliinunua mimi, kwa bei ile ile niliyoitaja kwenye simu, na Bi Tausi alipokataa nilimwomba hadi akakubali. Paa limeezekwa.

Vijana mnaojifunza kazi hii mnaniuliza siku hizi, besi hii ni ya mwaka gani? Nawaambia fungueni mwone wenyewe. Kabla sijarudisha ngozi siku ile nilimwomba Bi Tausi penseli, nikaandika chini ya mwandiko wa baba yake: Maganga ameambiwa. Mkono ulitetemeka, kama alivyosema.