Mkeka wa Wasiochezwa

Fortunata ni jina lake la tatu, alilojichagulia mwenyewe. Padri alimbatiza Dominick. Alipotoka jandoni, mtoto mwembamba asiyependa makelele, wazee wa Milola wakampa jina la babu yake, Sixbert. Kwao, mtu akishatoka jandoni, lile jina la utotoni ndiyo basi tena. Ukimwita kwalo umemtukana, na ndugu zake wana haki ya kuja kwako kudai kuku. Kijiji kizima kilimsahau Dominick kwa asubuhi moja. Hata bibi mmoja aliyekuwa akisahau kama amekula au hajala, hakuteleza ulimi. Kwa hiyo Fortunata akimsikia mtu anasema, "Jamani, ni mazoea tu, tulishakuzoea kwa Sixbert," humtazama kwa hasira. Mazoea gani? Hawa ni watu waliofundishwa kusahau jina tangu wangali wadogo.

Anaishi Mitwero, pembezoni mwa mji wa Lindi, katika chumba cha uani, na kazi yake ni kubangua korosho pamoja na kina mama wa mtaani. Mafuta ya maganda yamemchubua vidole na kuviachia weusi usiotoka kwa sabuni. Bandani wenzake humwita shoga yangu, kama wanavyoitana wao kwa wao, naye huitika bila kuinua kichwa, roho yake kwatu. Lakini dereva wa bodaboda akilitamka neno hilohilo barabarani, maana yake inajulikana, na siku hiyo Fortunata hurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Wengine humwita "Anti," wakilivuta mpaka watoto wa shule wageuke kutazama. Mjumbe wa mtaa, mstaarabu asiyetaka ugomvi na mtu, humwita "yule kijana." Liko na tusi lenyewe hasa, ambalo sina haja ya kuliandika. Waliowahi kuitwa hivyo wanalijua.

Wakati fulani walikuja wageni kutoka Dar, watu wema kabisa, wakamkusanya yeye na wenzake wachache katika ukumbi wenye feni, wakawapa soda na sambusa, wakawaita "kundi maalumu." Fortunata akajiuliza ni umaalumu gani huo wa kuhama chumba kila mwenye nyumba akisikia maneno. Baadaye kila mmoja akaombwa aseme angependa aitweje. Wenzake wakataja maneno marefu waliyoyasikia kwenye simu. Zamu yake ilipofika akasema, "Mwanamke. Ikishindikana, Fortunata." Msemaji wa wageni akacheka, akidhani anataniwa. Fortunata hakuwa na utani wowote.

Na mama yake, Katarina, humwita mwanangu. Kwa muda mrefu Fortunata alilipenda neno hilo, akaona mama kamkubali kwa njia yake. Kisha siku moja ikamjia kwamba mama hamtaji kwa jina lolote, la zamani wala jipya, na kwamba "mwanangu" ndiko alikojificha bi mkubwa. Hilo lilimuuma kuliko yote ya barabarani. Dereva wa bodaboda unaweza kumsonya. Mama utamsonyaje?

Basi likizo ya Juni ilipokaribia, alipigiwa simu na Lusia, mke wa kaka yake Leonadi. Lusia akiwa peke yake humwita wifi. Mumewe akiwa karibu, anakuwa shemeji.

"Wifi," akasema Lusia, sauti chini, "Jenipher anatolewa unyagoni Jumamosi. Lakini mtoto amegoma. Anasema jina atatajiwa na shangazi yake, la sivyo haendi uwanjani."

"Na kaka anasemaje?"

"Kaka yako niachie mimi. Wewe njoo."

Katika ukoo wao, siku mwali anapotolewa, shangazi ndiye anayemvua kanga aliyofunikwa na kulitamka jina lake jipya mbele za watu. Mpaka litamkwe, mwali hasemi wala hainui uso. Leonadi hana dada mwingine, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia hana dada kabisa. Jenipher, binti yao, alikuwa hajui hesabu hizo za wakubwa. Kila likizo aliletwa Mitwero, akalala kitanda kimoja na Fortunata, akasukwa nywele, akafundishwa kukaanga samaki bila kuwavunja. Alianza kumwita shangazi kabla hajajua kusoma, na hakuna aliyemfundisha. Fortunata akamtumia ujumbe kupitia simu ya Lusia: nitakuja, na jina lako litatoka kinywani mwangu.

Jumamosi akashuka Milola na doti mpya ya kitenge, kilemba kimekaa sawasawa. Uwanja ulikuwa umeshafurika, turubai limefungwa, masufuria ya wali yanatoa moshi nyuma ya nyumba. "Karibu, shemeji," akasema Lusia, macho chini, maana mumewe alikuwa amesimama palepale. Fortunata akaitikia. Hakuja kugombana na Lusia.

Wanawali walikuwa wamepiga magoti juani katika mstari, wamefunikwa gubigubi. Alimtambua Jenipher kwa miguu yake tu. Akaenda kujitambulisha kwa kungwi, Bi Ziada, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeletwa kutoka Kilangala kwa kuwa unyago wake haukuwa na mchezo.

"Shikamoo, Bi Ziada."

"Marahaba. Wewe ndiye shangazi wa huyu wa mwisho?"

"Ndiye mimi."

Bi Ziada akamtazama juu mpaka chini, akarudia tena. Fortunata alisubiri neno analolijua. Halikuja.

"Umechezwa wapi unyago wako?"

Katika yote aliyojiandaa kujibu, hilo hakulifikiria. "Sijachezwa," akasema.

"Basi huwezi kumtoa mwali. Sina ugomvi na wewe, mama. Hata mke wa mkuu wa wilaya, kama hajachezwa, leo anakaa kule." Akaonyesha kwa kidevu mkeka uliotandikwa kando ya ghala, walikokaa wasichana wadogo ambao zamu yao bado, wakigombea kipande cha muwa.

Fortunata aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na kilimshangaza. Alishanyimwa mengi maishani, na kila mara alinyimwa kwa kuambiwa ni mwanamume. Huyu kamnyima kama anavyomnyima mwanamke yeyote aliyekulia mjini, akapitwa na mambo. Kidogo amshukuru. Halafu akamwona Jenipher amebadilisha goti, amechoka, anasubiri sauti yake, na shukrani yote ikayeyuka.

Leonadi akaja haraka, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Bi Ziada, tusicheleweshane. Huyu ni mdogo wangu, Sixbert. Jandoni tulilala kibanda kimoja mimi na yeye. Baba mdogo akimtaja mwali kuna ubaya?"

Bi Ziada akafikiri. "Hakuna. Mwenye jando lake anaweza. Ila aseme mwenyewe, hapa mbele za watu, kwamba yeye ni Sixbert, baba mdogo wa mwali. Mimi sitaki maneno nikishaondoka."

Leonadi akamshika Fortunata bega. Hakuwa amemgusa kwa miaka. "Nimekurahisishia," akamnong'oneza, na kweli aliamini kamrahisishia. "Sema tu, mtaje mtoto, tule wali wetu."

Mama yao alikuwa kwenye kiti cha mbele. "Mwanangu," akasema, "fanya tu, yaishe."

Fortunata akafungua kinywa. Alitaka kulisema. Mungu anajua alitaka, kwa ajili ya yule mtoto aliye chini ya kanga. Sixbert hakuwa adui yake, alikuwa mvulana mpole aliyeteseka bila kosa. Lakini wengine wakimwita hivyo ni maneno yao. Hili lingetoka kwake mwenyewe, kwa ulimi wake, na Milola nzima ikawa shahidi, na tangu siku hiyo kila ambaye angemwomba amwite Fortunata angemjibu: si ulisema wewe? Akafunga kinywa.

Akautoa mkono wa kaka yake begani, taratibu, bila ubaya. Akaukata uwanja, mtu mzima mwenye kilemba, mpaka kando ya ghala, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka pamoja na wasichana wadogo. Upande wa wanaume wakaangua kicheko. Wanawake wengine nao wakacheka, wengine wakaziba midomo kwa kanga. Bi Ziada hakucheka. Aliwageukia wasichana akasema, "Sogeeni, mwenzenu apate nafasi," kisha akaita mwanamke mwingine wa ukoo aje amtoe mwali.

Aliyekuja alikuwa binamu wa mbali, aliyemwona Jenipher mara chache tu. Akavuta kanga, akatamka jina lililochaguliwa na wazee, Genoveva, na vigelegele vikapanda. Mtoto akainua uso uliojaa jasho na vumbi, akatabasamu, akamwangalia aliyemfunua. Tabasamu likaishia hapo. Akaangaza huku na huku, kwenye viti, kwenye turubai, mlangoni, mpaka akamwona kando ya ghala.

Baadaye wanawali walipitishwa kuwasalimu wakubwa, wakipiga goti mbele ya kila mmoja. Kwenye mkeka wa watoto hawakupaswa kusimama. Genoveva alisimama. Hakupiga goti, maana sasa yeye ndiye mkubwa na shangazi yake ndiye ambaye hajachezwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Nilisikia unapumua. Mbona hukusema?"

"Walitaka nijiite Sixbert."

"Si ungejiita tu. Ni mara moja tu, shangazi."

Bi Ziada akamgusa mgongoni, mstari ukaendelea. Fortunata akabaki na mikono yake myeusi mapajani. Mara moja tu. Wote waliowahi kumwita walivyotaka wao walisema hivyo, na kila mmoja alikuwa na jibu lake alilostahili. Huyu hakupata la kumjibu, kwa kuwa siku nzima, katika uwanja wote ule, ndiye peke yake aliyemwita shangazi.