Mama wa Watu Hakanyagwi

Mbeti alikuwa mtu wa juu. Usinielewe vibaya, sisemi alikuwa na maringo, ingawa hayo pia alikuwa nayo kidogo. Nasema kazi yake ilikuwa juu. Katika kundi la sarakasi lililoitwa Mwewe wa Kariobangi, vijana walipopandana mabegani wakawa mnara, aliyesimama kileleni kabisa, mikono ameitandaza na meno yote nje, alikuwa yeye. Watu walilipa kuona hilo, halafu wengine wakafumba macho wasione.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka Machakos, na ngoma za Wakamba, kama hujaziona, hazichezwi kwa kunyata. Mtu hupaa. Mbeti aliziona harusini akiwa mdogo, akaja kuziiga uani kwao Kariobangi, akavunja chungu cha mama yake na jino lake mwenyewe, na hakukoma. Alipomaliza darasa la nane akaonwa na Ng'ang'a, mwenye kundi. Huyu Ng'ang'a mchana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na jioni mwalimu wa sarakasi, na kote kuwili alikuwa mkali.

Mwaka wa tisini na tatu Mbeti aliolewa na Mwanzia, dereva wa lori la kiwanda kimoja huko Baba Dogo, mtu mpole asiyejua kununa. Mwaka uliofuata wakapata msichana, wakampa jina la mama yake Mwanzia, Ndete. Mtoto alipokaza shingo, Mbeti alimfunga mgongoni kwa leso akashuka hadi uwanjani, nyuma ya karakana za jua kali, mahali Mwewe walipofanyia mazoezi juu ya vumbi la mbao na magodoro yaliyokwisha. Alikuwa na hamu ya kile kilele kama mtu mwenye njaa.

"Mama Ndete!" vijana walipiga kelele. Wakamletea kiti. Kiti! Dishon, ambaye miaka yote alikuwa akimwita majina nisiyoweza kuyaandika hapa, alikipangusa kwa shati lake mwenyewe.

"Mathe, kaa hapa. Usisimame, mathe."

Hivyo ndivyo vijana wa Eastlands wamwitavyo mama, na siku hiyo walilitamka neno lile kwa adabu tele. Mbeti akatazama juu. Kileleni kulikuwa na msichana mwembamba aitwaye Kui.

"Huyo ni wa muda tu, au vipi?" akamuuliza Ng'ang'a.

Ng'ang'a alikuna kichwa. "Mbeti, mpanda ngazi hushuka. Mwili umeongezeka, na ni baraka, nani anabisha? Lakini sasa wewe ni mama wa watu. Utatushonea nguo, na siku ya shoo utakaa mlangoni ukate tiketi. Chako hutakosa."

Hapa ndipo mimi hukasirika kila nikiisimulia habari hii. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angewajibu, maana ulimi alikuwa nao, tena wa kukodisha. Wao walimheshimu mpaka wakamtoa kazini. Alirudi nyumbani akamnyonyesha mtoto huku analia, na Mwanzia alipomwambia, "Si utapata nafasi ya kupumzika?" alimjibu, "Nitapumzika nikifa!" Mwanzia akaenda kuosha nepi. Alikuwa na akili zake.

Basi akashona. Alishona nguo za manjano, za kitambaa cha kung'aa, na kila aliposhona ya Kui, alijichoma sindano. Nyumbani kwao kulikuwa ghorofa ya nne, na maji yalipatikana kwenye bomba la chini, siku yalipotaka. Mbeti alipanda ngazi zile na mtungi mmoja kichwani, mwingine mkononi, na Ndete mgongoni, siku nenda siku rudi. Alikula kama anavyokula mama anayenyonyesha: uji wa wimbi, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, supu ya mifupa. Mabega yakapanuka, mapaja yakakaza. Majirani walisema amenenepa, na Ng'ang'a alisema hivyo hivyo. Hakuna aliyeutazama mwili ule akaona kazi.

Kisha ikaja habari. Mzee Hashi, wakala wa hoteli za Pwani, angefika Jumapili moja kwenye ukumbi wa Kariobangi kutazama makundi ya sarakasi, na kundi moja tu lingechukuliwa kwenda Malindi msimu mzima. Mwewe wote walianza kutembea kama watu waliokwisha fika. Ndipo Simiyu akaenda kucheza mpira akategua kifundo cha mguu.

Simiyu alikuwa nguzo, yaani yule mtu wa chini anayebeba mnara mzima. Bila nguzo, kundi la sarakasi ni watu wanaoruka-ruka tu.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Ng'ang'a alisema, akaanza kuwajaribu vijana mmoja mmoja. Wote waliporomoka. Wa mwisho aliporomoka akamwangukia Ng'ang'a mwenyewe.

Mbeti alikuwa pale kwenye kiti chake cha heshima, sindano mdomoni, mtoto mapajani. Akaitoa sindano.

"Nitasimama mimi."

Walicheka. Wacha wacheke. Alimpa Kui mtoto, akamwendea Dishon, akamshika kiunoni, akamnyanyua juu ya kichwa chake, akamweka huko kidogo ili autazame mtaa, kisha akamshusha. Hakuhema hata. Kicheko kikaisha.

"Haya," Ng'ang'a alisema polepole. "Panda, Dishon."

Dishon aliweka mguu mmoja pajani mwa Mbeti, akainua wa pili auweke begani. Ukabaki hewani. Akashuka.

"Siwezi, manze."

"Nini? Anatetemeka?"

"Hatetemeki, yuko kama ukuta. Lakini huyu ni mathe. Mama wa watu hakanyagwi. Nimwekee mguu begani, hapa karibu na kichwa, na ananyonyesha? Hiyo ni laana, buda."

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Kuanguka hawakuogopa, laana waliogopa.

Woi! Mbeti alishika kiuno.

"Dishon, ulizaliwa au uliokotwa?"

"Nilizaliwa."

"Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, ulimpiga mateke au hukumpiga?"

Mbeti hakungoja jibu.

"Ulimpiga! Kutwa kucha ulimpiga. Uliomba ruhusa? Alipokufunga mgongoni hukumkanyaga mbavu? Hakuna mtu anayekanyagwa duniani kama mama, na bado amesimama. Sasa mimi kwa hiari yangu nakwambia nikanyage, wewe unaniletea adabu! Hiyo adabu ipeleke nyumbani, ukamtekee mama yako maji. Hapa mimi ni Mbeti. Panda!"

Kui ndiye aliyetangulia kucheka. Alimkabidhi Ng'ang'a mtoto, akapangusa nyayo, akapanda mabega ya Mbeti kama anayepanda kitanda chake.

"Mnaogopa nini?" aliwauliza kutoka huko juu. "Huku ni kuzuri kuliko kwa Simiyu. Hakunuki jasho."

Dishon, kwa aibu ya kushindwa na msichana, naye akapanda. Kuanzia siku hiyo Mbeti alikanyagwa kila jioni, na kila jioni alirudi nyumbani akiimba. Ng'ang'a alimwambia ajishonee naye nguo ya manjano. Lakini hakusema kwamba kazi ni yake. Alisema tu, "Tuone Jumapili," na Mbeti alijua maana ya maneno hayo. Mnara ukianguka mbele ya Hashi, yeye anarudi mlangoni kukata tiketi mpaka azeeke.

Jumapili yenyewe ukumbi ulijaa watu waliotoka kanisani moja kwa moja na nguo zao nzuri. Mbeti alimnyonyesha Ndete, kisha akampa Mwanzia mtoto na amri.

"Kaa naye nje, kule kwa muuza mahindi. Nikimsikia akilia maziwa yatakuja yenyewe, nami nitakuwa nimebeba watu wanne. Umenisikia, Baba Ndete?"

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Lakini makundi ya kwanza yalichelewesha mambo, salamu haziishi, hotuba haziishi, na Mwewe walipoitwa kifua cha Mbeti kilikuwa kimejaa kinauma. Akapanda jukwaani hivyo hivyo. Akapanua miguu. Vijana wawili wakasimama mapajani mwake, mmoja huku mmoja kule, wameinama nje kama masikio ya sufuria, naye amewashika. Dishon akapanda mabegani. Kui akampanda Dishon, akanyooka, akatandaza mikono. Makofi yakalipuka.

Huko nje Mwanzia aliyasikia. Sasa niambie, mwanamume gani angebaki na muuza mahindi wakati mkewe anapigiwa makofi hayo? Aliingia na mtoto, akasukumana na watu mpaka mbele kabisa, karibu na jukwaa, akamwinua Ndete ili naye aone. Ndete alimwona mama yake. Akapiga ukelele.

Mbeti aliusikia mlio ule kifuani kabla ya masikioni. Maziwa yakashuka. Kile kitambaa cha kung'aa kikalowa mbele, huku na huku, ukumbi mzima ukiona, na mikono yake ilikuwa imewashika wale vijana, hakuweza kujifunika. Akitikisika tu, Kui anaanguka.

"Maziwa ya Nyayo hayo!" kijana mmoja akapaza sauti, akikumbuka yale yaliyogawiwa shuleni, na viti vyote vya nyuma vikaangua kicheko.

Aibu ilimpanda Mbeti usoni akaisikia moto. Juu yake magoti ya Dishon yalianza kucheza.

"Mathe, tushuke?" Dishon alinong'ona.

Fundisho la kwanza la mtu wa chini ni kwamba nguzo haitembei. Mbeti alilijua, alikuwa amelisikia likiimbwa tangu akiwa msichana. Lakini mwanawe alikuwa analia hatua chache tu kutoka hapo, na watu wazima wenye tai walikuwa wanacheka, na hasira ikampanda, ile hasira nzuri inayompa mtu nguvu.

"Rukeni," akawaambia wale wawili wa mapajani. Wakaruka. "Dishon, kaza magoti. Kui, tazama mbele. Tunakwenda kumchukua mtoto."

Akainua mguu wa kulia, akauweka mbele. Ng'ang'a, pembeni mwa jukwaa, alishika kichwa. "Ngai! Usitembee, Mbeti! Usitembee!"

Alitembea. Mnara mzima ulitembea, Dishon ametoa macho, Kui midomo inasali, na Mbeti chini yao amelowa, ameinua kidevu, anamtazama mwanawe usoni. Kicheko kilikatika. Mbao za jukwaa zililia chini ya nyayo zake. Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akasimama akapiga kigelegele, wa pili akadakia, na mara akina mama wote walikuwa wamepanda juu ya viti.

"Nani kama mama!" walipiga kelele. "Nani kama mama!"

Yule kijana wa maziwa ya Nyayo alivutwa sikio na jirani yake. Ukingoni Mbeti alisimama imara, Kui akapiga sama, akapinduka hewani kutoka kileleni, akatua kwa miguu yote miwili, Dishon akamfuata. Mbeti akanyoosha mikono. Mwanzia alimpa mtoto huku yeye mwenyewe machozi yanamtiririka. Mama mmoja alifungua leso yake kiunoni akaitupa jukwaani, Mbeti akajifunika, akaketi pale pale ukingoni, akanyonyesha, na makofi hayakuwa yamekwisha. Aliwahi kupigiwa makofi mengi akiwa kileleni, lakini hakuwahi kufurahi kama alivyofurahi hapo chini.

Mzee Hashi alikuja mwenyewe jukwaani.

"Kule kutembea," alisema. "Mnaweza kutembea hivyo kila jioni, msimu mzima?"

Vijana walimtazama Ng'ang'a. Ng'ang'a akamtazama Mbeti.

"Tunaweza," Mbeti alisema. "Lakini nikienda, mtoto naye anakwenda, pamoja na mtu wa kumlea. La sivyo mtafute nguzo nyingine."

Hashi akamgeukia Ng'ang'a. "Hoteli inalaza watu wa kundi tu. Huyu mtoto ni mtu wa kundi?"

Ng'ang'a, yule yule aliyesema tiketi na mlango, alijipangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Mzee," alisema, "huyo mtoto ndiye aliyeutembeza mnara. Mwandike yeye kwanza."