Siku Tulipoficha Shida

Mwanangu, weka chini hiyo meza. Nasikia watu wa basari, wale wa kulipia maskini karo, wanakuja kuona hali ya kwenu ili usome historia, na mama yako nimemwona akiazima mapazia kwa jirani. Kaa hapa kidogo. Kuna siku moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka ladha ya chai yake, na nitakuambia haraka, maana mimi kungoja sikujua tangu nizaliwe.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tuliishi huko juu Dundori, kwa shamba la mzungu. Baba alikuwa amekufa, na mama alikamua ng'ombe wa watu asubuhi, mchana akapalilia viazi vya watu. Mimi nilikuwa chuo Kampala, mwaka wa mwisho, nasoma historia. Nilitaka kuendelea ng'ambo, nisome mpaka nichoke, nirudi niandike habari za wazee wetu. Watu walinicheka. "Hiyo historia inakamuliwa?"

Kanisa lilikuwa na basari moja tu ya mtoto wa maskini anayetaka kuendelea na masomo kama hayo. Tuliiomba wawili, mimi na Zakayo, rafiki yangu wa laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ambaye alisoma lugha. Kwa alama tulikuwa sawa. Ilibaki kuangaliwa nani ana shida zaidi.

Sasa sikia ujinga. Kabla hata ya matokeo, nilikuwa namwonea Zakayo wivu. Kiingereza chake kilinichoma. Akicheka na wasichana pale kwa bomba la maji, mimi nakasirika. Hata mama akimsifu kwamba anasalimia watu vizuri, siku yangu imeharibika.

Tulipokuwa likizoni, Pasta akaja na mama mmoja wa kizungu, kwetu kwanza. Na wewe unajua watu wetu: mgeni haonyeshwi tundu la paa. Mama aliazima viti vya nyapara, akaazima vikombe vya maua kwa mpishi wa mzungu, magunia tuliyolalia akayasukuma nyuma ya nyumba. Kuku wetu mmoja, tena wa mayai, akaingia sufuria. Mimi nikaazima koti.

Pasta akauliza, "Mama, hapa mna shida gani?"

"Hatuna shida, Pasta. Ni salama tu. Kunywa chai."

Yule mama wa kizungu akanigeukia, akaniuliza hivyo hivyo kwa Kiingereza. Nikanyoosha koti, nikamjibu kwamba tunajiweza, Mungu ni mwema. Akaangalia viti, akaangalia nyama, akatabasamu.

Wakaenda kwa Zakayo, nyumba ya pili. Nikasimama nje nisikie. Mama yake hakuwa amefagia hata.

"Shida? Pasta, kalia hilo debe, lakini usiegemee, litakumwaga. Haya, nianze na paa ama nianze na tumbo?"

Wageni wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakamsikiliza muda mrefu.

Jumapili Pasta akasimama kanisani, akataja Zakayo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa vidole viwili. Mwanangu, usidanganywe kwamba wivu unakaa moyoni. Unakaa tumboni. Sikula siku hiyo, na kesho yake Zakayo alipopita na viatu vipya nilitamani vimkate.

Nikakumbuka kitu. Nikamwendea mama jikoni, anamenya viazi. "Naenda kwa Pasta. Nitamwambia mjomba wa Zakayo ana lori kule Mai Mahiu. Hao si maskini!"

Mama hakuinua macho. "Lori ya mjomba wake ndiyo ilikuziba mdomo?"

"Ni wewe ulisema hatuna shida!"

"Mimi nilikuwa nakaribisha mgeni. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini wewe uliulizwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza sijui. Ungeweza kusema yote na nisione haya hata kidogo. Ulimjibu nini?"

Nikageukia mlango.

"Basi toka. Usiende kumvua mtoto wa wenyewe nguo kwa sababu wewe uliogopa kuvua koti la kuazima."

Sikuenda kwa Pasta. Lakini hata kumsindikiza Zakayo steshoni Nakuru sikuenda. Nilijifanya naumwa na kichwa. Yeye akasoma mpaka akawa profesa. Mimi nikafundisha historia watoto wa shule, na walinipenda, sina kesi. Lakini sikufichi: mpaka leo nikisikia jina lake kwa redio, natafuta sababu ya kuizima.

Kwa hivyo nasema wazi. Mficha uchi hazai. Mgeni wa kawaida mpe kiti kizuri, lakini anayekuja kuuliza unakosa nini, mwonyeshe unachokosa, na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mama yako asilaumiwe kwa heshima yake. Na wakimchagua mwenzako, umia, kuumia hakuna dhambi, lakini usimchimbe. Mpewa hapokonyeki. Nenda steshoni umbebee sanduku hata kama roho inakuuma, kwa sababu usipoenda, utabaki na huo mzigo mpaka uzeeke.

Haya, rudisha mapazia ya watu. Mungu akufungue mdomo mbele ya anayeweza kukusaidia, akupe usingizi mzuri siku jirani anapochinja, na hiyo historia yako uisome mpaka mwisho wake.