Foko Inayomwogopa Mzee

Sijawahi kukutana na hitilafu yenye adabu kama ile ya foko yetu.

Ghala letu la mchele liko hapa Ifakara, na foko, mashine ya kunyanyulia mizigo, ndiyo hubeba magunia kutoka ndani hadi kwenye malori. Zamani tulikuwa na ya dizeli. Kisha tajiri wetu, ambaye wote tunamwita mzee, akaleta hii ya betri. Fundi umeme wa ghala nilikuwa mimi, ila kwa jina tu. Mzee aliniita "binti," na kazi aliyoniamini nayo ni kubadilisha balbu.

Foko ikaanza kuzima katikati ya kazi. Siku moja lori la Dar lilikuwa linasubiri, na mzee akaniambia wazi: "Binti, ikifika jioni hujaiweza, naita fundi wa kweli."

Neno lile liliniuma. Nikapima betri, fyuzi, nyaya, swichi moja baada ya nyingine, nikapuliza vumbi la pumba kila mahali. Dereva wa foko, kaka wa Mahenge aliyelelewa misheni, akaiendesha mbele na nyuma. Safi kabisa. Mzee akaja kuchungulia, foko kimya. Akaondoka, tukahangaika na ufunguo na gia, ikawaka. Akarudi, ikafa tena. Kila alipokuja alinikuta nimesimama kando ya mashine iliyozima.

"Foko inamwogopa mzee!" makuli wakacheka.

Mimi ni mwepesi wa hasira. Nilifungua mdomo niwatolee maneno, nikakwama. Ni kweli, ilikuwa inazima mbele ya mzee tu.

"Mzee, samahani," nikasema. "Naomba utoke nje, halafu uingie tena."

"Mimi?"

"Ndiyo. Kama vile ndiyo kwanza unafika."

Mzee alitoka huku akinung'unika. Nikamwambia dereva abebe paleti ya magunia kama kawaida. Mzee akaingia. Dereva alipomwona tu, akajinyanyua kidogo kitini.

"Shikamoo mzee!"

Tak! Foko ikazima.

Nilicheka hadi nikaegemea magunia. Chini ya kiti kuna swichi inayokata umeme dereva akinyanyuka, na ikishakata, mashine haiendi mpaka gia irudishwe katikati. Ile ya dizeli haikuwa na mambo hayo. Swichi ilikuwa nzima, nyaya nzima. Kilichokuwa kinakata umeme ni shikamoo.

"Basi hiyo swichi itoe, unga waya moja kwa moja," mzee akasema.

"Sitoi, mzee. Hiyo ndiyo inayozuia foko isiondoke yenyewe ikamponda mtu."

Nilimkatalia mbele ya watu wote. Akanitazama, kisha akamgeukia dereva. "Basi wewe uwe unanisalimia umekaa."

"Hapana mzee, hilo nitashindwa," dereva akajibu. "Nitasimamisha kwanza, niweke gia katikati, ndipo nikuamkie."

Lori liliondoka jua likingali juu. Nilirudi nyumbani nimejaa majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha.

Fundi wa kutoka nje hajaitwa mpaka leo. Na mzee, kila anapofika ghalani, husimama kwanza mlangoni na kupaza sauti: "Fundi, niingie?"