Reli ya Ukumbini

Mshika funguo wa chuo chetu hapa mjini Volos hufika kabla ya wahadhiri, akapangusa kipande cha reli kilichoachwa sakafuni mwa ukumbi wa mihadhara, uliokuwa karakana ya treni. Kucha zake bado zina weusi wa grisi. Mwanafunzi akiweka mkoba juu ya reli, yeye huuhamisha. Juzi Asimina, mwanafunzi wa hapa, alimsomea tasnifu yake kuhusu reli hiyo.

“Ukisinzia, babu, nakupa sifuri.”

Akasoma kwamba treni ya mwisho kabla ya njia kufungwa ilichelewa dakika kumi na moja kwa ubovu wa injini. Mkono wa mzee, wenye tambara, ukasimama juu ya reli.

“Usiisingizie injini, binti yangu. Ilikuwa nzima.”

“Sasa ilichelewa kwa nini?”

“Nilikuwa naiendesha mimi. Sikutaka kufika.”