Jitu la Chuma na Msichana wa Upanga

Mimi na binti yangu hubishana vibaya sana kuhusu nani angempiga nani. Jumapili moja shambani kwa mama yangu huko Kiirua, tukimsaidia kutoa minji kwenye maganda, nilishikilia kwamba jitu la chuma la sinema ninazopenda lingemsaga yule msichana wa katuni zake, ambaye silaha yake ni upanga tu. Binti yangu akawaka. Mimi pia nikawaka, na umri huu wangu wote.

"Shosho, amua wewe," akamwambia mama.

Mama hajawahi kumwona hata mmoja wao. Wala hakuuliza nguvu zao. Aliuliza, "Hilo jitu likilemewa, linakimbilia wapi?"

"Linaruka, linarudi kwenye sayari yake," nikajibu kwa maringo.

"Na msichana?"

"Hana pa kwenda," binti yangu akasema. "Anapigania mlangoni kwao."

"Basi ameshinda."

Niligeuka nikatazama geti. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja na mapanga kuchukua shamba hili. Mama alisimama pale getini, mimi nikiwa nimefungwa mgongoni. Minji iliyokuwa mapajani mwetu ilitoka shamba hilo hilo.