Fundi Aliyejibu Vitatu

Mpwa wangu ni fundi cherehani, na kabla hujamsifu, jua kwamba ndondi nilimfundisha mimi. Kushona alijifunza mwenyewe. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwenye kona ya ulingo nilikuwa profesa: taulo begani, ndoo mkononi, mdomo usio na breki. Kwa miaka kumi na moja watu walimwita Kisiki, kwa sababu ukimpiga unaumia wewe.

Ndivyo tulivyoamini. Kila raundi ikiisha alirudi kukaa, namwagia maji, namnyooshea mkono wa kulia mbele ya macho, namwuliza: vidole vingapi? Anajibu vitatu. Namsukuma arudi kazini. Hakukosea hata mara moja, hata siku ile aliyoangushwa mara mbili kwenye raundi moja, akainuka na kwenda kukaa kwenye kona ya wapinzani. Nilijisifu mpaka misibani.

Mwaka huu akapata pambano la kuagia. Zikiwa zimebaki wiki sita, mkewe, anayepinda nguo na kushona vifungo pale pale dukani kwao, alinifuata kwenye karakana yangu ya mbao. Akatoa koti kwenye mfuko, akalitandaza mezani. Mikono miwili, yote ya kushoto. Nikacheka, nikasema huyo mteja akitaka kumpa mtu mkono wa kulia itabidi ageuke nyuma kwanza.

Hakucheka. Akanieleza polepole kwamba mumewe anasahau vipimo kabla hajaweka chaki chini. Mwanga wa dirishani unamuumiza. Alasiri nyingine anakaa na uzi mkononi, machozi yanamtoka, na ukimwuliza kuna nini hajui. Alichotaka kwangu ni kimoja tu, nimzuie asipande tena ulingoni.

Nikamwambia aondoe wasiwasi, kichwa cha mumewe nakipima mwenyewe. Nikamwonyesha jinsi ninavyopima. Akautazama mkono wangu kwa muda.

Nilisahau kuwaambieni: vidole viwili vya mkono huo nilivigawia msumeno zamani, Kisiki akiwa bado ananyonya.

"Mjomba," akasema, "huo mkono una jibu lingine?"

Nikaurudisha mkono mfukoni.

Kesho yake mchana nikaenda dukani. Kisiki alikuwa ameinamia cherehani, anapiga pindo la suruali. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono wa kushoto, vidole vyote vitano, nikamwuliza vingapi.

"Vitatu," akajibu, mguu ukiendelea kukanyaga.

Kisha akainua uso. Akaona. Tukacheka wote, yeye zaidi, mpaka akaegemea ukuta. Kicheko kilipokwisha akaanza kukunjua ile suruali, akaikunja tena.

"Mjomba, hata siku zile mkono wenyewe nilikuwa siuoni. Nilikuwa nalijua jibu tu."

Mkewe aliacha sindano. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja.

Wiki ile ile tulikwenda hospitali watatu. Daktari alipouliza amepigwa kichwani mara ngapi, Kisiki alinigeukia mimi. Nilizoea kutaja ushindi. Siku hiyo nilitaja vipigo, mpaka vya mazoezini, vile nilivyokuwa naviita salamu. Daktari aliandika, akageuza karatasi, akaendelea kuandika. Mwishoni akatuambia ubongo hauoti sugu kama kiganja, kichwa hicho kisiguswe tena, na yale machozi si udhaifu wala uvivu, yana matibabu yake na aanze mara moja.

Kwa waandaaji wa pambano nilikwenda mwenyewe kufuta jina lake. Wakaniita mzee mwoga. Sijawahi kutukanwa nikanyamaza, muulize yeyote. Siku hiyo niliomba kalamu tu.

Siku hizi vipimo anavisoma kwa sauti na mkewe anaviandika. Kuna siku nzuri na kuna siku za kukaa akitazama ukuta tu. Mimi hupita kila mchana, natania, nakagua mikono ya makoti kama naielewa. Vidole siulizi tena. Juzi nilimwuliza moyo ukoje.

Akaanza kusema mzuri, akaishia katikati.

"Leo sijui, mjomba."

Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa.